Zamu ya Damari

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka watu wakawa wanasikiliza mahubiri madirishani, wamekalia matofali ya ujenzi. Zamani Mchungaji Naftali alimjua kila muumini kwa jina lake na la babu yake. Lakini mwaka ule alimzika mzee mmoja wa mtaa wa Utemini, na pale kaburini akalikosea jina la marehemu mara mbili, mjane akiwa anamsikiliza. Jumapili iliyofuata akasimama mimbarini uso umemshuka.

"Tumekua, ndugu zangu, lakini hatujuani," alisema. "Mtu anaugua mpaka anapona, sisi hatuna habari. Kuanzia wiki hii kila mmoja atakuwa na kikundi chake cha nyumbani."

Taratibu zikatangazwa. Kila Jumatano alasiri majirani wangekutana nyumbani kwa mwenzao mmoja, kwa zamu. Wangeimba, wangesoma Neno, kisha mmoja wao angefungua moyo, yaani angewaeleza wenzake jambo linalomlemea ili wamwombee. Mwisho mwenye nyumba angeleta chakula alichokipika, na chakula hicho kingeliwa katika sinia moja. Hilo la sinia mchungaji alilirudia. "Mtu uliyemega naye tonge," alisema, "mkono wako utaona aibu kumnyooshea kidole."

Watu wakasema amina. Hakuna aliyeisema amina ile kwa moyo kama Damari.

Damari alikuwa mjane wa makamo. Alifika Utemini kutoka Kinyangiri na furushi la nguo, jogoo mwekundu na tetea wawili ndani ya tenga. Alipanga chumba katika ua wa Luciana, akapata kibarua cha kupepeta alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta. Mchana wenzake walipokaa kula, yeye alizunguka nyuma ya magunia akala peke yake, ameelekea ukutani. Hawakumfukuza. Hawakujua lolote juu yake. Yalikuwa mazoea aliyokuja nayo, kama mtu aliyekulia nyumba yenye mlango mfupi, ambaye huinama hata mlangoni pa kanisa.

Jumatano ya kwanza walikutana kwa Jenifa, kiongozi wa kikundi. Jenifa alikuwa mke wa mwenye duka la mabati na saruji, mwanamke wa sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Lilipowekwa sinia la wali na kuku, Damari akabaki nyuma.

"Dada, sogea. Hapa hakuna mgeni," Jenifa alisema.

"Asiposogea nitamlia upande wake," akadakia Calist, fundi baiskeli. "Tumbo langu mimi lilishaokoka zamani, halibagui."

Watu wakacheka. Luciana akamshika Damari kiwiko akamvuta. Bega lake likagusana na la Luciana upande huu na la Calist upande ule, akamega. Aliporudi chumbani kwake hakunawa mkono mara moja. Alikaa kitandani akaunusa, wali na mafuta na mikono ya watu wengine.

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja, na haja yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliona haya kumwambia Mungu kwa sauti. Alitaka zamu yake ifike, apike, na watu wale chakula chake.

Maana tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyekula kilichotoka mkononi mwa Damari.

Wenzake walifungua mioyo, Jumatano baada ya Jumatano. Calist alieleza alivyokuwa akinywa pombe ya mtama mpaka analala barabarani. Luciana alilia kuhusu binti yake asiyepiga simu. Kila aliyefungua moyo alikumbatiwa, na wiki iliyofuata alionekana mwepesi. Akabaki Damari.

"Siri ni ukuta, dada," Jenifa alimwambia, akamshika mikono yote miwili. "Sisi tuko upande huu, wewe uko upande huo. Tubomolee."

Damari akabomoa. Aliwaeleza kwamba mumewe Yohana alirudi shamba, akala ugali na mlenda, akalala, asubuhi akakutwa amekufa. Shemeji zake walisema amemlisha kitu. Siku ya tatu ya matanga walileta chungu kilichobaki na mlenda wa siku ile, umeshachacha, wakamketisha katikati ya waombolezaji, wakamwambia ale mbele yao. Akala wote. Hakufa.

"Nikadhani yamekwisha," alisema. "Shemeji mkubwa akasimama akasema, mmeona? Mchawi hafi kwa dawa yake mwenyewe. Wakanifukuza kwenye mji wa mume wangu."

Kisha Luciana akaangua kilio, na wengine wakamfuata. Walimzunguka Damari, wakaweka mikono kichwani pake, Calist akaomba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jenifa akampangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Asante kwa kutuamini," alisema. "Wiki ijayo zamu ni yako, siyo?"

"Ni yangu," Damari akajibu, na kwa mara ya kwanza wakamwona meno yote.

Alimchinja yule jogoo mwekundu. Alikuwa akimlea kwa ajili hiyo. Akamchemsha taratibu kwa vitunguu na nyanya, akapika ugali laini wa mtama, akaazima sinia kubwa kwa Luciana. Ua mzima ulinukia. Alifagia mara mbili, akatandika mikeka, akaweka jagi la maji ya moto na beseni karibu na mlango.

Walikuja wote. Waliimba vizuri kuliko siku zote. Somo lilipokwisha Damari akatoka na sinia, hatua kwa hatua asimwage mchuzi, akaliweka katikati. Luciana alikuwa ameshainuka, ameshanawa, anakung'uta maji mikononi.

"Dada Damari," Jenifa akasema, "Mungu aubariki mkono wako. Ila tusamehe bure. Leo tumefunga."

Damari hakuelewa. "Mmefunga?"

"Kikundi kimesikia mzigo wa kufunga. Kwa ajili yako, hasa. Mambo uliyotueleza si ya kuombewa na tumbo lililoshiba."

Damari akamtazama Calist. Calist alikuwa na kijiti mdomoni anachokonoa meno. Akakitoa, akakificha kiganjani. Damari akamtazama Luciana. Luciana alisimama mikono ikidondosha maji, macho yakitoka kwenye sinia yakienda kwa Jenifa. Ilionekana wazi kwamba yeye hakuambiwa. Jenifa alimtazama tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie mstari wa wimbo. Luciana akajipangusa mikono kwenye khanga, akakaa.

"Na mimi pia," alisema. "Nilisahau."

"Basi niwafungie mchukue," Damari alisema. "Mtakula mkifungua."

"Usijisumbue, dada. Kaa tuombe."

Wakaomba wakiwa wamelizunguka sinia. Mchuzi ukaganda juu, ukafanya ngozi. Walipoondoka kila mmoja alimshukuru kwa ukarimu, na Calist alimwambia kwamba kuku ananukia kweli kweli, sifa ambayo hakuwa na sababu ya kuitoa. Damari alimla yule jogoo peke yake kwa siku kadhaa, mpaka mchuzi ukachacha.

Jumapili Mchungaji Naftali akatangaza kanisani kwa furaha. "Kikundi cha Utemini kimeanza kufunga bila kuambiwa na mtu! Vikundi vingine, kajifunzeni kwao." Watu wakapiga makofi. Damari naye akapiga, kwa kuwa wa kulia na wa kushoto walikuwa wanapiga.

Baadaye alimfuata ofisini. Alijikaza akamweleza alichokishuku.

Mchungaji alikuwa mtu mwema, na alikuwa amechoka. Nje palikuwa na foleni ya watu. "Dada yangu," alisema, "kufunga ni jambo la mtu na Mungu wake. Nitamlazimishaje mtu ale? Hebu tusiwe wepesi wa kuwadhania wenzetu mabaya."

Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu ya Calist, na kufunga kulikuwa kumekwisha. Sinia likaja, watu wakalizunguka. Damari alipotaka kusogea, mke wa Calist akamletea sahani yake peke yake, imejaa, na kijiko juu.

"Wewe umepitia mengi, dada," Jenifa akasema. "Kula kwa nafasi."

Ikawa hivyo. Kila nyumba Damari alikuwa na sahani yake, na alijua iliko: karibu na mlango, imefunikwa. Zamu yake ilipofika tena, mzigo wa kufunga ukawashukia tena. Hakuna aliyemsema vibaya. Walimkumbatia walipokuja, walimkumbatia walipoondoka. Aliwaza kuacha kwenda, lakini Jumatano ilipofika alivaa, akaenda. Aliona heri sahani ya mlangoni kuliko ukuta wa nyuma ya magunia.

Mvua zilipokwisha akaja Pendo.

Alikuwa msichana wa ishirini na kitu, ametoka Mitundu na ndoo za asali za kuuza. Alikodi chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Damari. Alicheka kwa sauti, na hata kwenye joto alivaa mikono mirefu. Siku ya kwanza kikundini aliwaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, "Shikamoo, shikamoo," mpaka Calist akamwambia asimzeeshe. Chakula kilipoletwa, Pendo alilitazama sinia lililosongamana watu, akaitazama sahani ya mlangoni, akachukua kigoda akaenda kukaa mbele ya Damari.

"Shangazi, sogeza hiyo sahani. Mimi sijui kula nimesukumwa kama ng'ombe mnadani."

"Mwanangu, hii ni..."

"Ni nini? Ina pilipili?"

Akachovya. Damari akamtazama akitafuna, akimeza, akichovya tena. Akainamisha uso, akala naye, na chumvi ya machozi ikamwingia mdomoni pamoja na maharage.

Kuanzia hapo Pendo alikuwa wake. Asubuhi alipita kwa Damari na viazi vitamu alivyochoma mwenyewe, wakala wawili, kisha Pendo akanywa chai ya Damari kikombe cha kwanza na cha pili akiomba sukari zaidi. Hata baada ya Damari kumweleza habari za Yohana na chungu cha mlenda, alikunywa.

"Shangazi, ungekuwa mchawi ungekuwa unapepeta alizeti za watu?" alisema. "Si ungejiloga uwe tajiri kwanza?"

Damari alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini Jumatano moja walipokuwa wanarudi pamoja, Pendo alisema, "Mama Jenifa anasema wiki ijayo nifungue moyo mimi." Akapandisha mkono mmoja wa nguo. Kuanzia kiwikoni mpaka kwenye vidole ngozi ilikuwa imejikunja, kovu la moto. "Nitawaambia hili. Nina kifafa, shangazi. Nilianguka jikoni nikiwa mdogo. Kule kwetu waliniogopa wakanitengea kikombe. Hawa ni watu wa Mungu, wataniombea. Unaonaje?"

Damari alikuwa na maneno ya kumjibu. Yalikuwa machache na yalikuwa tayari: usiwaambie. Alifungua mdomo. Wakati huohuo akaona, kama mtu anavyoona kitu kwa pembe ya jicho, sahani iliyofunikwa karibu na mlango, na mbele ya sahani ile hayupo yeye, yupo mwingine.

"Ni vyema mtu akiwa wazi," alisema.

Pendo akawa wazi. Wakalia, wakamzunguka, wakamwombea. Damari alimwona Calist, baada ya amina, akijifuta viganja kwenye suruali.

Kesho yake Jenifa akaja kwa Damari. Hakuwa amewahi kuja peke yake. Alikaa kwenye kigoda, akajipepea.

"Jua hili! Dada, naomba maji ya kunywa."

Damari akasimama pale pale. Kisha akachota mtungini, akapeleka kikombe kwa mikono miwili. Jenifa akanywa. Akanywa yote, taratibu, macho yake yakiwa juu ya Damari kupitia ukingo wa kikombe, akakirudisha kitupu.

"Maji yako yana ubaridi mzuri," alisema. "Wiki ijayo zamu ni ya yule binti. Kikundi kimesikia mzigo wa kufunga. Nikasema nije nikuambie mwenyewe, maana yeye anakusikiliza. Ni vizuri akilisikia kwako."

"Kwangu?"

"Umoja, dada. Tumekukosa kwenye sinia siku nyingi."

Alipoondoka, Damari alikishika kile kikombe akakitazama ndani. Hakukiosha. Alikiweka dirishani.

Zamu ya Pendo ilipofika, asubuhi walikula viazi pamoja kama kawaida. Pendo alikuwa na furaha isiyotulia. Alisema amepata bata, hakuna kikundi kilichowahi kupikiwa bata. Damari alimenya kiazi chake, akala, akasema ni kitamu.

Alasiri sinia likaja: wali mweupe, bata mwenye mchuzi mzito, na pembeni bakuli la asali ya Mitundu bado ina masega. Pendo alikuwa amekunja mikono ya nguo yake mpaka juu, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha. Akapita na jagi.

"Karibuni mnawe. Baba Calist, anza wewe mwenye tumbo lililookoka."

Hakuna aliyecheka. Jenifa aligeuza uso akamtazama Damari, na wengine nao wakageuka, mmoja mmoja.

"Pendo, mwanangu," Damari alisema. "Leo tumefunga."

Pendo akacheka. "Shangazi na wewe! Si tumekula wote viazi asubuhi?"

Jenifa akainua nyusi kidogo.

"Hatujala," Damari alisema.

"Shangazi."

"Umechanganya siku, mwanangu. Ni ule ugonjwa wako."

Luciana akakohoa. Pendo alisimama na jagi lake, mvuke ukimpanda usoni, akimtazama Damari tu. Jenifa na wengine hakuwatazama kabisa. Kisha akalitua jagi chini, akakaa mbele ya sinia, akajinawisha mwenyewe, akamega.

"Kama mmefunga, ombeni," alisema. "Mimi nina njaa."

Akala. Alikula wali, akala bata, akachovya sega la asali akalitafuna, akatema nta kiganjani. Watu walikaa wamemzunguka, wakimtazama akimeza. Calist alianzisha wimbo, ukafa katikati. Damari aliujua mduara kama ule, kila uso wake, kila jicho linalongoja. Ila hakuwa amewahi kukaa upande huu.

Alitaka kunyoosha mkono. Sinia lilikuwa karibu, mchuzi ulikuwa unafuka bado. Mkono ulikuwa mapajani, akaushika kwa ule mwingine.

Jumatano iliyofuata walikuwa kwa Jenifa. Damari alipoingia, Luciana alimsogezea mkeka. Sinia likaletwa, pakaachwa nafasi ya mtu mmoja, na nafasi ile ilikuwa yake. Bega la Luciana huku, la Calist kule.

"Karibu nyumbani, dada," Jenifa alisema, akachagua firigisi akaitupia upande wa Damari. "Tulikuwa hatujatimia."

"Leo lazima niwahi," Calist akasema, "huyu dada mkono wake una gia kubwa." Wakacheka wote, na Damari akacheka. Alikula. Nyama ilikuwa laini, imeiva vizuri. Alikula akashiba.

Karibu na mlango ilikuwapo sahani iliyofunikwa. Mwenye nayo hakuja. Chakula kilipokwisha na watu kunawa, Jenifa akaichukua akampa Damari.

"Mpelekee yule binti. Asije akasema tumemtenga. Ninyi ndio mmezoeana."

Damari akaenda na sahani akiishika kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limeinama lakini bado kuna mwanga. Mlango wa Pendo ulikuwa umerudishiwa. Ndani kulisikika mwiko ukigonga sufuria, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilitoka kwenye upenyo.

"Hodi, mwanangu."

Mwiko ukasita. "Nani?"

"Mimi. Shangazi yako. Nimekuletea chakula."

Mwiko ukaanza tena kugonga.

"Asante, mama," Pendo akajibu kutoka ndani. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya heshima, kama anavyosemeshwa mtu mzima usiyemjua. "Nimefunga."

Damari alisimama. Akangoja aitwe. Mafuta yalisikika yakichemka ndani ya sufuria, maji yakamiminwa, mfuniko ukawekwa. Mwishowe akainama, akaiweka sahani kizingitini. Hakuwa amefika nyumba ya pili aliposikia kuku wa jirani wakiigombania.